Mkaguzi Aliyefanywa Mkwe

Uvumi ulisema mchwa wamekula fedha za chama. Mara ya kwanza niliusikia nikiwa napepeta mahindi, nikacheka. Mara ya pili niliusikia kanisani, katikati ya sala, sikucheka tena. Walisema mchwa wameingia ndani ya sanduku la chuma la Chama cha Wakulima wa Pareto hapa Ilomba, Mbeya, wamekula noti zote, wakaacha sarafu kwa sababu meno yao ni madogo. Walisema mkaguzi kutoka Iringa alifungua sanduku, akawaona mchwa kwa macho yake, akapiga muhuri na kuandika: "Wapo." Kuanzia hapo hata nikisonga ugali nilikuwa nawasikia wakitafuna.

Mchwa hawakuwepo. Kilichokuwepo kilikuwa kibaya kuliko mchwa, na aliyekifuata mpaka mwisho ni Damari, mke wa Asukile, jirani yangu. Mengi amenisimulia mwenyewe. Mengine nimeyajaza, maana ukikaa na mtu uzio kwa uzio huhitaji kuambiwa kila kitu. Nayaandika kwa ajili ya wenzangu wenye mabinti.

*

Mwaka huo wa hamsini na nane Atuganile, binti wa Damari, alichaguliwa kuingia shule ya bweni ya wasichana. Walitaka ada, blanketi na sanduku la bati lenye kufuli. Damari hakuogopa, kwa sababu pareto yake ya misimu mitatu ilikuwa imeuzwa kupitia chama, na fedha zake zilikuwa huko. Alichoogopa ni Sedekia, mgane mwenye ng'ombe wengi wa mahari, ambaye alikuwa ameanza kuja kusifia uzio wao. Mtu hasifii uzio bila sababu.

Mwenyekiti wa chama alikuwa Mzee Isakwisa, baba yake Asukile. Hapo ndipo shida ilipoanzia. Kwetu Wanyakyusa mke wa mwana hamtazami baba mkwe, hasemi naye, wala hawapishani njiani. Akimwona kwa mbali anaingia porini, na kama hakuna pori, mtaroni. Na si baba mkwe peke yake, hata wale wa rika lake, maana rika moja ni kama mtu mmoja. Wengi baada ya ubatizo wamelegeza. Mzee Isakwisa, ingawa alikaa benchi la mbele kanisani, hakulegeza hata uzi.

Siku aliyokuja kwa mwanawe alikohoa tangu kwenye migomba, kama desturi. Damari akaacha mchicha, akakimbilia nyuma ya kihenge. Mzee akaketi, akapokea maziwa ya mtindi, akafuta sharubu.

"Asukile mwanangu, nasikia kuna mtu katika nyumba hii anaulizia fedha."

"Ni mama Atuganile, tata. Ada ya mtoto."

"Mwambie huyo mtu fedha zinakaguliwa."

Kihenge kikajibu: "Asukile, hebu waulize hao wanaosema hivyo, zinakaguliwa tangu lini?"

Asukile, mtu mpole ambaye hata mbwa wake hakumwogopa, aligeuza shingo huku na huku. "Tata, anauliza..."

"Nimesikia. Mwambie sikusikia."

"Anasema hakusikia, mama Atuganile."

"Mwambie nimesikia kwamba hakusikia!" Damari akasema. "Mkaguzi alikuja mwaka juzi akala, akaja mwaka jana akala. Amekagua nini, mapaja ya kuku?"

Mzee hakukasirika. Alisimama, akapangusa koti. "Mwambie kama ana swali amuulize mkaguzi mwenyewe. Hakuna aliyemkataza." Akaondoka akicheka mpaka kwenye migomba, kwa sababu alijua kuwa Damari hawezi.

*

Hakuweza kwa sababu ya kile Mzee Isakwisa alichokifanya siku mkaguzi alipokuja mara ya kwanza.

Mkaguzi huyo, Bwana Liberatus Kalinga, alikuwa Mhehe wa Idodi, mwenye miwani na soksi nyeupe, ofisi yake ikiwa Iringa. Siku ile wanawake walikuwa wamejipanga tayari. Mbele yao alisimama Tupokigwe, mke wa fundi viatu, kidole kimeshainuliwa, maana alikuwa na maswali saba na alikuwa ameyakariri njia nzima. Mzee Isakwisa aliviona vidole. Akamkumbatia mgeni, akapaza sauti:

"Jamani, huyu si mgeni! Tangu leo huyu ni ndugu yangu, rika langu! Aliye mkwe wangu ni mkwe wake!"

Wanawake wakatazamana. Karibu wote walikuwa wameolewa na wana wa Isakwisa au wana wa rika lake. Tupokigwe alishusha kidole, akajifunika khanga usoni, akatumbukia mtaroni. Wengine wakamfuata, chubwi, chubwi, kama vyura. Bwana Liberatus alipofuta miwani na kuivaa tena, mkutano wa wanawake haukuwepo.

"Wamekwenda wapi?" aliuliza.

"Wameridhika," alisema Mzee Isakwisa. "Karibu chakula, ndugu yangu."

Mkaguzi akaandika kwamba wanachama hawana maswali. Sheria ilitaka taarifa isomwe mbele ya wanachama, na yeye aliisoma, mbele ya Mzee Isakwisa na kuku wake. Waume nao? Waume walikuwa watoto. Nani atamuuliza baba yake habari za fedha mbele ya mgeni anayekula?

Na fedha zilikuwa wapi? Hazikufichwa hata kidogo. Zilikuwa uani kwa mwenyekiti, juu ya matofali, na zilikuwa lori. Mzee alilinunua kwa fedha za chama ili libebe pareto mpaka mjini. Lilikuja bila injini, likivutwa na maksai. Kila mtu alilijua, ila kila mmoja alidhani limenunuliwa kwa fedha za mwingine. Magurudumu yalifuata injini ilikokwenda. Kilichobaki kizima ni honi ya mpira ya kubinya, na Jumapili baada ya ibada mzee alikaa kwenye usukani akaibinya, pee, pee, akiwapungia wapita njia. Kuku walitaga humo. Mayai aliyokaangiwa mkaguzi yalitoka kwenye kiti cha dereva.

*

"Twende Iringa," Damari alimwambia mumewe. "Ofisi kubwa ile haiwezi kuwa na mtu mmoja."

"Tata akijua?"

"Mwambie hukusikia."

Damari aliuza jogoo na khanga yake ya sikukuu wakapata nauli. Asukile alibeba mkungu wa ndizi kwa ajili ya adabu. Basi liliwafikisha limewapaka vumbi mpaka kwenye nyusi, na Damari akaosha uso kwenye bomba la uani pa ofisi, akijikariria: "Shikamoo bwana, natafuta fedha zangu. Shikamoo bwana, natafuta fedha zangu."

Waliketi kwenye benchi. Mlango wa ndani ukafunguliwa. Akatoka Bwana Liberatus Kalinga mwenyewe, soksi nyeupe.

Damari hakuwaza. Miguu ilimtanguliza. Alipokuja kutambua alikuwa chini ya benchi, khanga kichwani, uso ukutani.

Asukile alibaki peke yake na mkungu wa ndizi. "Shikamoo, baba," alisema. "Tumekuja... tumekuja kusalimia tu."

Bwana Liberatus alitazama chini ya benchi. Uso wake ukaingia huzuni. "Hata huku?" alisema polepole. Akageuka, akanusa kwapa la kushoto, akanusa la kulia, akatoka nje.

Tarishi wa ofisi alikuja na ufagio, akamgusa Damari mgongoni kama anayeamsha paka. "Mama, hapa si nyumba ya wageni. Toka nifagie."

"Ameondoka?"

"Nani?"

"Mkwe."

"Mwe bandu, jamani watu," alisema Asukile, akaketi juu ya ndizi.

Waliokuwa wakingoja ofisini walicheka mpaka wakasahau shida zao. Ni mmoja tu ambaye hakucheka. Alikuwa mwanamke mnene aliyeingia na sufuria ya chakula cha mchana iliyofungwa kitambaa. Aliinama kiunoni akachungulia.

"Kamwene, mama. Mimi ni Apolonia, mke wa huyo aliyetoka. Hebu njoo nyumbani unywe chai, nina neno la kukuuliza mwanamke kwa mwanamke."

Nyumbani alimmiminia chai, akafunga mlango, akashusha sauti. "Usinifiche. Mume wangu ananuka?"

"Hapana, mama! Ananukia sana. Ananukia kupita kiasi."

"Ndiyo sabuni hiyo! Kila akienda Mbeya ananunua sabuni ya kunukia, anajisugua mpaka anang'aa kama sufuria mpya, na kila akirudi ananiambia, 'Apolonia, wamenikimbia tena. Mkutano mzima umeingia mtaroni.' Nimekonda kwa kuwaza."

Damari alimtazama alivyokonda, akanywa chai kwanza. Kisha akamweleza yote, rika, ndugu na mtaro. Apolonia alianza kucheka taratibu, akaishia kushika meza kwa mikono miwili.

"Ndugu? Liberatus? Mama yake alimzaa huyo mmoja, akamtazama, akasema inatosha! Hana ndugu hata wa dawa." Alipangusa macho, akawa mtu wa kazi. "Sasa sikiliza. Yeye mwenyewe hataukana undugu huo. Kwenu ndugu wa mwenyekiti anakula kuku. Hapa kwangu anakula mlenda. Lakini ofisi yao nzima inatetemeka. Waheshimiwa wa Baraza la Kutunga Sheria wanatoka Dar es Salaam, watazunguka mpaka kwenu. Wanataka kujua mbona taarifa za ukaguzi hazisomwi kwa watu, na mbona hajachukuliwa hatua mwenyekiti hata mmoja tangu ofisi ianze."

"Niwaulize fedha zangu?"

"Ukiuliza fedha watakujibu kwa hesabu, utalala. Uliza undugu. Mkaguzi haruhusiwi kukagua chama cha ndugu yake, hiyo ni sheria yao wenyewe, anaisoma kila siku hapo ukutani. Akisema ndiyo, kavunja sheria. Akisema hapana, toka mtaroni."

"Na wewe, mama? Wakimfukuza kazi?"

Apolonia alifunika sufuria. "Aogope kidogo, itamfaa. Kuku wa watu wamemfanya ajione. Ila usiseme ni mimi."

Walirudi Mbeya bila shilingi hata moja. Ndizi wakamwachia tarishi.

*

Waheshimiwa walikuja siku ya mvua. Meza iliwekwa barazani kwa Mzee Isakwisa, nyuma yake lori likiwa limefunikwa turubai ili lionekane kama jambo la heshima. Kuku watatu walikuwa wanachemka. Mzungu mmoja aliandika kila kitu, hata mvua. Mkuu wa msafara alikuwa Mheshimiwa Bartholomeo, mtu mpana wa kanda ya ziwa, aliyeuliza maswali akiwa amefumba macho.

"Wanachama wanasomewa taarifa?"

"Kila mwaka, mheshimiwa," alisema Bwana Liberatus.

"Kuna lalamiko lolote?"

"Hakuna," alisema Mzee Isakwisa. "Tunaishi kama ndugu."

Mtaroni, hatua chache kutoka hapo, lalamiko zima lilikuwa limekaa ndani ya maji mpaka kiunoni. Wanawake walikuja kwa ajili ya mkutano, wakaona wakwe wawili barazani, wakajua mahali pao. Damari alihesabu siku kwa vidole. Shule ilikuwa inafunguliwa wiki ijayo, na asubuhi ile Sedekia alikuwa amesifia hata mlango.

"Tutamfikiaje huyo mheshimiwa?" alinong'ona Tupokigwe. "Nina maswali saba, mawili yameshalowa."

Mungu akasaidia, maana Mheshimiwa Bartholomeo alikuwa amekunywa chai nyingi. Aliomba udhuru, akazunguka nyuma ya migomba, akafika ukingo wa mtaro, akaanza kufungua mkanda.

"Usithubutu, mheshimiwa!" mtaro ukapiga kelele.

Alifumbua macho. Tunasema ndiyo mara ya kwanza siku ile. Chini yake aliona vichwa vya wanawake vikiwa na khanga zinazovuja, vikimtazama kama viazi vilivyooshwa.

"Mnafanya nini humo?"

"Tunahudhuria mkutano," alisema Tupokigwe.

"Kwa nini msije barazani?"

"Tunamkwepa mkwe."

"Mkwe yupi?"

"Mkaguzi."

Mheshimiwa alifunga mkanda. Damari akaona kwamba huyu bado si baba mkwe wa mtu yeyote, akajivuta ukingoni. "Baba, nisikilize haraka kabla na wewe hawajakufanya ndugu. Mwanangu ana nafasi shuleni na ada yake iko ndani ya chama hiki. Hatuwezi kuuliza, kwa kuwa mkaguzi amefanywa ndugu wa mwenyekiti. Wewe muulize neno moja tu, mbele ya watu. Ni ndugu, au si ndugu?"

Mheshimiwa Bartholomeo alirudi barazani, na safari hii hakufumba macho.

"Bwana Kalinga. Huyu mwenyekiti ni ndugu yako?"

Mzee Isakwisa akatabasamu. "Damu moja, mheshimiwa."

Bwana Liberatus alimtazama mzee. Alitazama sufuria ya kuku. Alimtazama Mzungu aliyekuwa amenyanyua kalamu. "Sisi ni ndugu wa... ni ndugu wa mazoea."

"Sheria yenu haijui mazoea. Kama ni ndugu, umekagua chama cha ndugu yako kinyume cha sheria. Ndiyo au hapana?"

Kifuniko cha sufuria kilicheza.

"Hapana!" alisema Bwana Liberatus, sauti ikapanda mpaka ikapasuka. "Mimi ni Mhehe wa Idodi! Mama yangu alinizaa peke yangu!"

"Liberatus!" Mzee Isakwisa alishika kifua. "Kuku wote wale!"

Mtaro ukasikia. Wanawake waliinuka kwa pamoja, matope yakiwatiririka, wakaja. Walisimama chini ya migomba, pale ambapo Mzee Isakwisa hakuwaona wala wao hawakumwona, wakamwita mkaguzi atoke. Bwana Liberatus hakuwahi kuona wanawake wa Ilomba wakija upande wake. Kwanza alitabasamu. Kisha akaona kidole cha Tupokigwe, akarudi nyuma hatua.

"Swali la kwanza!" alisema Tupokigwe. "La pili limelowa, nalichanganya na la tatu! Fedha ziko wapi, na kwa nini hukutusomea?"

"Na la kwangu!" "Na msimu wa mvua za kwanza?" "Na mayai ulikula mangapi?"

Mzee Isakwisa hakutaka Mheshimiwa asikie. Hakuweza kuwafokea wakwe zake, desturi ilimfunga yeye kama ilivyowafunga wao. Alifanya jambo moja lililomjia. Alikimbilia uani, akapanda chini ya turubai, akakaa kwenye usukani, akabinya honi kwa nguvu zake zote ili kuzizima sauti zao.

Pee! Pee! Peee!

Kuku walitoka pande zote za turubai. Wanawake wakanyamaza, na waheshimiwa wote wakageuka.

"Kumbe kuna gari," alisema Mheshimiwa Bartholomeo. "La nani?"

"La chama," alisema Bwana Liberatus, akitazama viatu.

Walivuta turubai. Mzee alikuwa bado ameshika usukani, ametazama mbele kama anayeangalia barabara. Mheshimiwa alifungua boneti. Ndani tetea mmoja mweupe aliyekataa kutoka alimtazama kwa hasira.

"Injini iko wapi?"

"Inaatamia," alisema Asukile. Ni neno la kwanza alilowahi kulisema mbele ya baba yake bila kutumwa.

*

Mheshimiwa aliamuru taarifa isomwe hapo hapo, kwa sauti, mpaka migomba isikie. Ilikuwa fupi. Lori, lipo. Injini, haipo. Magurudumu, hayapo. Fedha, rejea lori. Kuku, wapo. Walipoisikia wanawake walilia, na ilipofika kwenye kuku wakacheka, na Bwana Liberatus akajipangusa uso kwa soksi ya akiba akidhani ni leso.

Fedha zote hazikurudi, nisiwadanganye. Lori lilinunuliwa na fundi bati wa mjini kwa bei ya chakavu. Mzee Isakwisa alivuliwa uenyekiti, akauza ng'ombe wake kulipa sehemu, na tangu hapo hakohoi sana akipita. Bwana Liberatus alikatwa mshahara. Siku hizi taarifa yake anaibandika mlangoni kwa herufi kubwa, na chakula anakuja nacho kutoka kwa Apolonia, mlenda kwenye chombo.

Damari alipata ada na blanketi. Sanduku halikupatikana, na bila sanduku shule haipokei. Alikwenda kwa fundi bati, akaketi mlangoni, akakataa kuondoka mpaka fundi akachoka, akachukua ile boneti, akaikata, akaikunja, akaigonga ikawa sanduku. Atuganile aliingia bwenini amelibeba kichwani, namba za lori bado zinasomeka ubavuni na unyoya mmoja umenasa kwenye bawaba. Wasichana wa mijini walimcheka. Yeye akalifunga kufuli. Sedekia sasa anasifia uzio wa watu wengine.

Juzi Bwana Liberatus alipita hapa Ilomba. Damari alikuwa na ndoo kichwani, akajikuta mtaroni, ndoo na yeye.

"Mama," alisema mkaguzi kwa upole, "mimi si mkwe wako."

"Najua, bwana," alijibu Damari kutoka kwenye matope. "Miguu bado haijaambiwa."

Basi, mama mwenye binti, epuka haya:

Kumpikia mkaguzi kabla hajasoma. Asome kwanza, njaa inanyoosha sauti.

Chama ambacho mwenyekiti wake ana ndugu wapya.

Taarifa iliyosomewa kuku.

Lori lisilo na injini, hata kama honi ni nzuri.

Uvumi wa mchwa. Mchwa hawatii saini.

Mtaro, mvua ikinyesha.

Kumheshimu mkwe mpaka ada ya mtoto iishe.